Maji ya Moto, Rejeta Baridi

Mdogo wangu alinipigia simu asubuhi akiwa Iringa mjini, anakunywa chai kabla ya kuianza barabara kuu. Akasema, "Dada, ndiyo nakuja kumchukua mama." Sikumsalimia hata. Nikamwambia aje, barabara sikuijenga mimi, lakini akumbuke tulivyokubaliana. Akifika akakuta chumba cha mama kina baridi, amfungashe aondoke naye, mdomo sitafungua. Akikuta kina joto, mama anabaki kwangu Mbeya na yeye ageuze gari kimya kimya. Akasema sawa. Nikakata simu. Nilikuwa nimeweka dau na mfukoni sina kitu. Rejeta za nyumba yangu zilikuwa baridi tangu msimu uanze.

Niseme kwanza hizo rejeta ni nini, kwa sababu huku kwetu ukisema rejeta watu wanafikiri lori. Nyumba yangu iko juu, upande wa mlimani, ambako mwezi wa sita ukiamka unakuta majani ya uani ni meupe. Aliijenga mhandisi mmoja wa kigeni, akaweka humo mambo ya kwao. Nyuma ya jiko kuna banda, na ndani ya banda kuna boila, pipa nene la chuma linalokula kuni za mlingoti. Maji yakipata moto humo, pampu inayasukuma kwa njia mbili. Njia moja inakwenda kwenye tangi la maji ya kuoga. Njia ya pili inazunguka vyumbani, inapita kwenye vyuma vipana vilivyobanwa ukutani chini ya madirisha, inavipasha moto, kisha maji yanarudi kwenye boila. Vyuma hivyo ndivyo rejeta. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa malori, amelala kwenye baridi za kila namna njiani, na siku alipogusa chuma kile ukutani kikiwa cha moto alisema nyumba ni hii, hatuangalii nyingine.

Msimu wa joto pampu ilikufa. Nikaita fundi wa mabomba, mtu makini, akaniletea pampu nyingine. Akasema na valvu, yaani koki, ya upande wa rejeta imechoka, ninunue mpya. Nikanunua, nikamkabidhi. Alipomaliza, maji ya kuoga yalikuwa yanababua. Nikamshukuru, akaenda zake Zambia kwenye kazi za mgodini. Rejeta nani angezijaribu wakati jua linawaka? Hatukuzijaribu.

Ndipo mama akaugua. Alikuwa kwake Idodi, kule chini Iringa kwenye njia ya kwenda mbugani, kwenye joto lake la siku zote. Miguu ikaanza kuvimba, akawa hawezi kulala chali, anahema kama amepanda mlima. Moyo, walisema. Nikamfuata mwenyewe nikamleta, kwa sababu hapa hospitali naifikia kabla chai haijapoa, na kule ukizidiwa ni mpaka upate gari. Mdogo wangu hakupenda. Alisema Mbeya ni baridi, utamuua mama. Nikamwambia wewe uliyekuwa naye Idodi ndiye uliyemwacha mpaka miguu ikawa kama mitungi. Tulisemana maneno ambayo ndugu hawapaswi kusemana, nami sikuyajutia.

Dawa zilimsaidia. Miguu ikapungua, akaanza kula. Kisha baridi ikashuka, na mama akawa na wimbo mmoja. Umeamkaje mama? Baridi. Ugali umeupenda? Ungekuwa mzuri, ila baridi. Nilimvalisha sweta mbili na kofia ya sufu, nikamwekea mablanketi mpaka akawa haonekani. "Nirudishe Idodi, mwanangu," alikuwa anasema, "hii baridi yenu siiwezi." Akaomba jiko la mkaa chumbani. Nikakataa katakata. Kila msimu wa baridi tunasikia habari hizo, watu wameingiza jiko, wamefunga madirisha, asubuhi mlango unavunjwa. Na mtu mwenye kifua kama cha mama hata moshi kidogo unamkaba. Kwa hiyo palikuwa na njia moja tu, zile rejeta zifanye kazi. Zikikataa, mama anaondoka, na nilikuwa na hakika akiondoka kwenda kule mbali na daktari nitaitwa kuzika.

Mafundi wa mabomba wawili niliowapigia asubuhi ile hawakunifaa. Mmoja alikuwa msibani Tukuyu. Mwingine aliposikia neno boila alisema, "Mama, vitu vya kizungu hivyo siviwezi," akakata. Nikafikiri, rejeta ni rejeta. Nikaenda kumchukua fundi rejeta wa magari, yule anayeziba rejeta za malori karibu na gereji, nikampakia kwenye bajaji na mfuko wake wa spana.

Alikuwa mtu wa makamo, mwenye maneno. Aliingia chumbani, akamsalimia mama kwa heshima, "Shikamoo mama mkubwa," akachuchumaa mbele ya chuma kile, akakigonga kwa ukucha, akacheka.

"Mama, rejeta kazi yake kupoza. Leo wewe unataka ipashe?"

"Rejeta ya lori inapoza kwa kutoa joto nje, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi mimi nalitaka hilo joto linalotoka."

"Ahaa," akasema, akakunja mikono ya shati.

Alianza na upepo. Alisema hata kwenye gari upepo ukikaa kwenye mabomba, maji hayapiti. Juu ya kila rejeta, pembeni, kuna skrubu ndogo. Aliilegeza ya kwanza, ikapumua kidogo, kisha yakatoka maji. Maji baridi. Akaenda ya pili, ya tatu, mimi nyuma yake na ndoo na tambara. Zote zilitoa maji, na zote baridi. Wakati huo huo bafuni ukifungua koki unaruka kwa moto. Moto tunao, maji tunayo, joto liko hatua chache tu, ila chumbani kwa mama haliingii. Niliona nacheleweshwa na kitu kinachonichezea tu.

"Upepo hamna," alisema fundi. "Pampu?"

Pampu aliisikiliza kwa kuweka bisibisi kwenye sikio, ncha nyingine kwenye pampu. Inazunguka. Akasema kama pampu inazunguka na maji yamejaa na hayafiki, basi njia imeziba au imezibwa. "Hapa kati hakuna valvu?"

"Ipo," nikamwambia. "Tena mpya. Niliinunua mwenyewe."

"Iko wapi?"

Hilo sikulijua. Mabomba yote yanayotoka bandani yanapita chumba kidogo cha tangi, na yule fundi wa kwanza alikuwa ameyavisha vipande vya blanketi na kuyakaza kwa mipira ya tairi ili joto lisipotee njiani. Mimi nilimkabidhi valvu mkononi tu. Nikasema nimpigie. Simu ikaita ikakatika, ikaita ikakatika, mara mteja hapatikani, mara inaongea Kiingereza cha Zambia. Niliitukana ile simu. Mwisho akapokea, na nyuma yake mashine zinanguruma.

"Fundi! Ile valvu ya upande wa rejeta, uliifunga?"

"Niliifunga, mama!" akapiga kelele. "Niliifunga mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Nikaikaza kabisa. Hiyo usiwe na wasiwasi nayo! Ila ukitaka..."

Simu ikakatika, na haikupatikana tena.

Nikamgeukia fundi rejeta. "Valvu ilifungwa."

"Ilifungwa vizuri?"

"Ameikaza kabisa, anasema."

"Basi valvu tuitoe kwenye hesabu," akasema, nami nikaitikia kwa kichwa. Watu wazima wawili, wenye akili zao, tukaelewana vizuri sana.

Tukaamini kutu. Alisema rejeta zikikaa muda mrefu bila kazi zinajaza matope ndani, ameona kwenye malori. Akafungua rejeta ya chumba cha mama ukutani. Tulimhamishia mama sebuleni akiwa na mablanketi yake, akawa anatutazama tunavyokibeba kile chuma kizito kupita mbele yake kama tunatoa jeneza. Uani tukakisukumia maji kwa mpira, yakatoka meusi, tena meusi hasa. Nilipiga kigelegele. Jirani akachungulia juu ya ua kuuliza nani kaolewa.

Hapo mdogo wangu akapiga. Yuko Nyololo, anasimama kununua mahindi ya kuchoma. "Chumba kinaendeleaje, dada?" Nilisikia kwenye sauti yake kwamba anatabasamu. Nikamwambia ale mahindi yake polepole asije akapaliwa.

Rejeta tukairudisha, tukaibana, tukaijaza, tukatoa upepo. Nikaweka kiganja juu yake nikasubiri. Nilisubiri mpaka kiganja kikafa ganzi. Chuma kilikuwa baridi kuliko ukuta, na sasa sakafu ilikuwa imelowa, na dirisha tulikuwa tumelifungua kupitisha mpira. Chumba cha mama kilikuwa kibaya kuliko asubuhi. Fundi akajikuna kichwa. Mama akasema kutoka sebuleni, "Mwanangu, acha. Umeshahangaika inatosha." Nikamjibu vibaya. Nilimwambia nyamaza kwanza mama, huelewi hapa tunashindania nini.

Kisha nikafanya kosa la hasira. Nilisema kama maji yanakataa kwenda kwa hiari, yatakwenda kwa nguvu, tuongeze moto. Fundi alisema taratibu mama, lakini mimi nilikuwa nimeshashika magogo. Nikalishindilia boila mpaka mlango wake ukagoma kufunga. Moto ukanguruma. Mdogo wangu akapiga, kwa hesabu yangu yuko Makambako. Sikupokea. Nilikaa kwenye kigogo mbele ya boila natazama ule moto na kusema naye, haya sasa, nenda, nenda kwa mama yangu.

Boila lilianza kugonga. Kwanza kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole, kisha kwa nguvu, du, du, du, mpaka bati la banda likawa linacheza. Bomba lake refu la kupumulia, linalotokea juu ya paa, likatema maji, likatema tena, kisha likaanza kutoa mvuke na mlio ambao sijawahi kuusikia. Fundi alinivuta mkono akanitupa nje. "Toka mama! Toka!" Alirudi ndani peke yake na koleo, akawa anachota makaa na magogo yanayowaka anayatupa uani, moja baada ya jingine, na mimi nayamwagia maji kwa ndoo, moshi na mvuke vikatufunika, tunakohoa, tunapiga kelele bila kujua tunasema nini. Mama ndani alikuwa anaita jina langu. Nilishindwa kumjibu. Niliogopa, na sioni haya kusema.

Lilinyamaza polepole. Fundi akakaa chini kwenye majivu yaliyolowa, nyusi moja imeungua. "Mama," akasema, "maji yale yalikuwa hayana pa kwenda. Tangi likishapata moto, hakuna njia nyingine. Maji hufuata mkondo, na hapa mkondo haupo." Aliyasema kwa unyonge, kama mtu anayetoa pole.

Niliingia ndani nimelowa, nimejaa masizi, nalia. Nilikuwa nalia kwa hasira, si huzuni. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa sebule ameshikilia fremu, anahema. Nikamshika nikamrudisha kwenye kiti.

"Nilifikiri umeungua," alisema.

"Sijaungua."

"Niletee basi jiko la mkaa, mwanangu. Kidogo tu. Hapa ninakufa baridi."

"Jiko haliingii humu ndani! Nimesema mara ngapi?"

"Basi angalau funga huo mlango. Upepo wote unaingia."

"Nimefunga, mama!" Nilikuwa nimeshaubamiza ule mlango wa uani kwa mguu nilipoingia. "Nimeufunga! Nimefunga kabisa! Unataka nifunge mara ngapi?"

Nikaugeukia ule mlango.

Nimefunga kabisa. Nilisikia sauti ya yule fundi wa Zambia, na zile mashine nyuma yake. Niliifunga mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Nikaikaza kabisa. Jamani, jamani. Huku kwetu fundi anafunga umeme, anafunga dishi, anafunga sola juu ya bati, na kila akisema amefunga tunafurahi, maana kitu kimeshawekwa. Na huyo huyo akishika koki akaizungusha maji yasitoke, anasema nini? Amefunga. Mimi nilimuuliza kama ameiweka. Yeye akanijibu kwamba ameizima. Tukaachana kwa amani.

"Fundi!" Nilipiga kelele mpaka mama akashtuka. "Fundi njoo! Imefungwa!"

Akaja mbio na koleo mkononi. "Si ulisema imefungwa?"

"Imefungwa! Yaani imefungwa hivi!" Nikamwonyesha kwa mkono, nikizungusha hewani.

Alinitazama, kisha akaelewa, na uso wake uliokuwa mweusi kwa masizi ukafunguka. "Mama wee," akasema.

Chumba cha tangi ni chembamba, anaingia mtu mmoja. Aliingia yeye, mimi nikawa namulika kwa simu. Alikata ile mipira ya tairi kwa kisu, akavua yale mablanketi kipande kwa kipande. Nyuma kabisa ya tangi, ukutani, tukaiona valvu yangu, shaba mpya inang'aa, imewekwa vizuri kabisa, na haina kichwa cha kuzungushia. Yule bwana alikuwa amekitoa. Mafundi wetu ndivyo wanavyofanya, kitu wasichotaka kiguswe wanakitoa kichwa, pale bombani wanafanya hivyo na kwenye matangi ya shule wanafanya hivyo. Kilichobaki ni kijiti kifupi cha shaba ambacho ukipita na mkono juu ya blanketi unafikiri ni kiungio tu. Alikuwa ameokoa kuni zangu za msimu wa joto, Mungu ambariki, na alinipa taarifa, na mimi nilimwelewa kinyume. Bomba upande huu lilikuwa linaunguza. Upande wa pili wa ile shaba lilikuwa baridi kama mlango wa kaburi.

"Plaiza," alisema fundi. Nikampa. Alikibana kile kijiti, akazungusha. Hakikwenda. Kilikuwa kimekazwa kabisa, kama tulivyoambiwa. Simu ikaita mkononi mwangu, mdogo wangu, na mwanga ukayumba. "Mulika mama!" Nikaikata. Akabana tena, akasukuma kwa mabega yote mawili, akaguna, na kile kijiti kikalia kidogo kikageuka.

Maji yakapita. Tuliyasikia yakipita, yakiunguruma ndani ya kuta kama tumbo la mtu mwenye njaa. Tulikimbia bandani tukawasha moto upya, safari hii mdogo, wa adabu. Rejeta ya koridoni ikapata uvuguvugu juu, ikashuka mpaka chini. Ya sebuleni ikafuata. Ya chumba cha mama ilichelewa kuliko zote kwa sababu iko mwisho na bado ilikuwa na upepo uliobaki tulipoifungua, nami nikapiga magoti mbele yake nimeishika kwa mikono miwili. Mdogo wangu alikuwa ameshatuma ujumbe, yuko Uyole, anaingia Mbeya. Fundi akalegeza skrubu. Ikapumua muda mrefu, ikatema, na yale maji yaliyonirukia vidoleni yalikuwa ya moto. Nikasema asante Yesu, nikamkumbatia fundi na masizi yake, akashindwa pa kuweka plaiza.

Nilikausha sakafu. Nilifunga dirisha na kuvuta mapazia. Nikatandika kitanda upya, nikamrudisha mama chumbani, nikamkalisha kwenye kiti karibu na kile chuma. Fundi alinawa uso, akanywa chai, akaondoka na mkungu wa ndizi za Tukuyu begani. Chumba kikajaa joto zuri, kavu, lisilo na moshi. Nilisikia gari langoni nikaenda kufungua nikiwa nimevaa blauzi ya mikono mifupi kwa makusudi.

Mdogo wangu aliingia na koti lake kubwa na shingo ameizungushia mtandio. Alisimama katikati ya chumba cha mama. Alivua mtandio. Akavua koti. Akaenda akagusa rejeta, akarudisha mkono haraka.

"Kamwene, mama," alimsalimia Kihehe.

"Kamwene, mwanangu. Umefikaje?"

"Salama." Akanigeukia, akacheka kwa kushindwa. "Haya dada. Umeshinda. Mimi nikilala hapa leo, kesho nageuza gari."

Sikumjibu chochote cha kumkera, na nilikuwa nayo mengi. Nilimtazama mama ili nimwone akifurahi.

Mama alikuwa anajivua. Alitoa kofia akaiweka mapajani. Akatoa sweta ya juu, nikamsaidia mikono, kisha ya pili. Alibaki na gauni lake jepesi la Idodi, na mikono yake miembamba ilikuwa na jasho. Alikaa hivyo kidogo akikunja zile sweta vizuri, pembe kwa pembe, moja juu ya nyingine.

"Joto limekuja," alisema.

"Limekuja mama! Na litakuwepo kila siku. Hutasikia baridi tena humu."

"Naona." Alizishika zile sweta kwa mikono miwili. "Mwanangu, nisamehe. Mimi nilikuwa naomba Mungu hiyo mashine yako isipone."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mimi baridi nilikuwa naisingizia," mama alisema. "Ipo, ni kweli, lakini si hiyo. Ningekwambiaje? Umenifuata mwenyewe, umeniogesha, umeninunulia dawa, unanilisha kwa mkono wako. Nikwambie sitaki kukaa kwako? Nikasema niseme baridi, baridi haimkosei mtu. Sasa umeleta joto, na mimi sina tena la kusingizia." Akaniangalia usoni. "Nataka nikafie kwangu. Baba yenu amezikwa kule. Ng'ombe akivunjika guu, hurudi zizini."

Nilikasirika. Nasema ukweli, nilikasirika kuliko mchana kutwa, kuliko nilivyoikasirikia ile simu na lile boila. Nilimwambia kule hakuna daktari. Akasema najua. Nilimwambia ukienda utakufa, mama, miguu itavimba tena na hakuna atakayekufikisha popote. Akasema najua, mwanangu, ndiyo maana nataka kwenda mapema. Alikuwa anazungumza polepole, bila kuhema, mashavu yake yamepata rangi kwa mara ya kwanza tangu aje. Alikuwa na akili zake zote, na alichokitaka alikuwa ameshakisema.

Nilikaa chini sakafuni miguuni pake. Mdogo wangu aliweka mkono begani kwangu, akasema dada, nikamwambia usiseme kitu, tafadhali, leo usiseme kitu.

Kisha nikamshika mama miguu. Haikuwa imevimba. Ilikuwa ya moto, mpaka kwenye vidole.

"Asubuhi atakuchukua," nilimwambia. "Nitakufungashia mwenyewe. Lakini usiku huu mmoja nipe. Lala humu nilimokupashia joto."

Mama akaweka kiganja chake kichwani kwangu, kwenye nywele zilizojaa majivu.

"Nitalala," akasema. "Panda na wewe kitandani, hapa kuna nafasi."